Asumini Isiyonukia

Ansab, Maskati, baada ya sala ya isha

Mwanangu Raiya,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo wangu, na dua nishaanza. Hapa naingia moja kwa moja kwenye ukuta wako, kwa sababu uliniuliza khabari zake na mimi nilikujibu vibaya.

Sitakwambia uangalie breki unapoteremka mlima wa Jabal Akhdar, wala ufunge vyema mtungi wa gesi. Hayo unayajua, na Prossy, msaidizi wetu wa nyumbani, keshakuhubiria tangu asubuhi kwa Kiswahili chake cha Kampala, mpaka ukamwambia kwamba hata maaskari wa kizuizi cha njiani hawaulizi maswali mengi kama yeye. Mimi nnataka kusema na wewe juu ya udongo, mawe na mimea inayoning'inia. Ndani yake mna jambo jengine, nalo nitalisema nikifika.

Ile picha uliyonitumia ulipokwenda kuitazama nyumba nnayo hapa. Dirisha la jiko la nyumba ya daktari waliyokupa, kijiuwanja chembamba, halafu ukuta wa zege, mrefu kuliko mtu, rangi ya majivu, umeushikilia udongo wa mlima usikuangukie. Ukaandika chini yake: "Baba, huu ndio nitakaokunywa nao chai kila siku. Nipande nini juu yake kishuke chini, kiulainishe kidogo, na kisife kwa baridi?" Nilifurahi, mwanangu. Miaka mingi nilifundisha jiografia na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunitungia suali zuri namna hiyo, lenye mwinuko, baridi, maji na mteremko, yote pamoja. Kisha nikalijibu kama mtu asiyewahi kushika chaki. Nikasema: chukua vijiti vya asumini yetu.

Ukaniambia kule katikati ya baridi maji huganda kwenye ndoo. Nikasema uifunike kwa gunia. Ukacheka, ukasema yule bibi jirani, mwenyeji wa huko jabali, keshakukatia vijiti vya asumini ya namna nyengine, inayovumilia barafu, ambayo matawi yake hushuka ukutani kama nywele zilizofumuliwa, na hutoa maua ya manjano wakati wa baridi kali, tawi likiwa halina hata jani moja. Nikakuuliza inanukiaje. Ukasema hainukii.

"Asumini isiyonukia," nikakwambia, "ni kama pilau la kwenye picha."

Ukaniaga. Nilijua nimekuudhi, na sikukupigia mpaka jioni ya siku ya pili. Nnataka nikueleze kilichonipata, si kwa kuomba msamaha, maana baba na mwana hawaandikiani hati za msamaha, bali ili usije ukafanya kama mimi.

Sisi watu wa Unguja tunapanda kwa pua. Wenzetu hutazama jua, upepo na maji, sisi tunauliza: kitanukia? Kitaingia kwenye kikuba cha maua cha mwanamke? Mamaako, Mungu amrehemu, aliposhika kipande cha ardhi cha kwanza katika nchi hii alitaja asumini, mrehani, kilua na mlangilangi, kwa mpango huo huo, kabla hajauliza jiko liko wapi. Na mimi nikamtafutia. Lakini hatukuvipanda ardhini. Tulivipanda kwenye makopo ya samli.

Wewe hukuyaona makopo yale, yalikwisha kabla hujazaliwa. Yalipangwa barazani kwetu kama watoto wa chuo cha Kurani, na kila kopo lilikuwa na mpini wa waya. Mpini ule ulikuwa na kazi yake. Marehemu bibi yako aliutia kwa mkono wake, akasema siku ya kurudi Unguja kila mtu atabeba makopo mawili. Basi tukakaa tukisubiri kubeba. Tulikuwa na nyumba, tuna kazi, watoto wanazaliwa, na mizizi ya miti yetu inazunguka ndani ya bati, inajisokota yenyewe kwa yenyewe kama uzi kwenye kibunda. Niliulilia mlangilangi wetu ulipokufa, nikasema joto la Maskati limeuua. Nilipokuja kuutoa koponi nikaona hamna udongo tena, ilikuwa mizizi mitupu yenye umbo la kopo.

Joto lisingeuwahi. Tulishaukaba wenyewe, kwa nia njema.

Ndiyo maana nnakwambia: huko jabali usipande kwenye vyungu. Hili ni la elimu, si la machozi. Ardhi ina joto lake la ndani, mmea uliomo ardhini baridi huushika juu tu. Chungu baridi hukizunguka pande zote, na mizizi huganda kwanza. Watakwambia ukae na vyungu maana nyumba ni ya serikali na daktari huhamishwa. Panda ardhini. Ukihamishwa, atakayekuja baada yako atakunywa chai yake akiyatazama maua yako, na hiyo ni sadaka isiyokupunguzia kitu.

Halafu ukaja ukuta wetu sisi, huu unaouona ukifungua dirisha la sebule. Ulikuwa mdogo tulipohamia Ansab, na nadhani unakumbuka mashine ikikata kilima. Mafundi waliacha vitundu chini ya ukuta, maji ya mvua yanayokusanyika nyuma yake yapate pa kutokea. Jambo hilo nililifundisha mimi darasani kila mwaka. Nilichora ubaoni mteremko, nikachora mishale ya maji, nikawaambia watoto: udongo mkavu ni mzito, udongo uliolowa ni mzito zaidi, na hakuna ukuta unaoshindana na maji yaliyozuiliwa. Kisha mvua ndogo ya kwanza ikanyesha, vitundu vikatoa maji ya tope, na ukuta mpya uliopakwa rangi nyeupe ukapata michirizi. Mamaako akasema wageni wa Idi wanakuja na ukuta unalia. Nikatafuta saruji nikaviziba, kimoja kimoja, kwa mkono huu huu unaoandika.

Mvua kubwa ilipokuja ukuta ulifanya tumbo. Shangazi lako Zuwena alisimama na mwavuli, akautazama, akasema, "Kaka, ukuta wako una mimba ya miezi saba." Nami sikucheka siku ile, ila leo nnacheka. Tuliubomoa ule upande, tukaujenga tena, tukatia kokoto nyuma yake, na vitundu vikabaki vitundu. Michirizi ipo mpaka leo. Wageni wa Idi wameizoea.

Kwa hiyo, kabla hujapanda chochote, tazama vitundu vya ukuta wako. Vikiwa vimezibwa na udongo, vizibue. Mimea yako iache ishuke baina yao, usiiache ivizibe. Usikubali mtu akupe ule mtambaji wenye vidole unaogandama ukutani. Baridi hauogopi, kweli, na ndani ya miaka michache utakufunikia zege lote. Lakini utakufunikia na nyufa pia. Ukuta unaobeba mlima sharti uonekane mahala mahala.

Sasa nimefika.

Leo baada ya alasiri, Zuwena alipokuja kutoka Ghubra na sinia lake la mikate ya ufuta, mlidhani nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa chumbani na gazeti, na mlango haukufungwa. Nilimsikia akikuuliza nani atanipimia sukari, nani atajua nikianguka. Ukamtajia Prossy, akasema Prossy si damu yetu. Ukamtajia simu, akasema simu haimwinui mtu. Yote hayo nilikuwa nayatarajia, kwani keshayaandika kwenye kundi la familia, na binamu zako wote wakatia vile vikono vya dua. Lakini kisha akasema lile ambalo aliliweka mwisho, kama pilipili.

"Raiya, wewe ni daktari wa watu. Basi babaako si mtu?"

Nikasikia sinia likisogezwa. Halafu ukasema, kwa sauti niliyokuwa siijui, kwamba labda utawaomba wakuu wako wakungojee. Mwaka huu tu. Mpaka mambo yakae sawa.

Nilisimama, nikataka kutoka, nikakaa tena. Ningetoka ningegombana na dada yangu mbele yako, na wewe ungeingia kati kutusuluhisha, na katika kusuluhisha ungeshaahidi kubaki. Nakujua. Ndiyo maana nnaandika.

Nataka ulijue neno hilo, mwaka huu tu, limetoka wapi katika ukoo wetu. Shangazi lako hakuzaliwa mzee mwenye sinia. Alipokuwa na umri mdogo kuliko wako alipata nafasi ya kwenda kusomea ukunga nchi ya nje, na alikuwa hodari, mikono yake ilikuwa haitetemeki hata kwenye damu. Bibi yako ndipo alipoanza kuugua miguu. Hakuna aliyemkataza Zuwena. Sisi hatukatazi, Raiya, sisi ni watu wa adabu. Tulimwambia asubiri. Nilimwambia mimi, kaka yake mkubwa, nikiwa nimevaa kanzu ya Ijumaa, nikiwa na kazi yangu, mke wangu na darasa langu. Nikamwambia subiri mwaka huu tu. Mwaka wa pili sikuhitaji kumwambia, alijiambia mwenyewe. Akamuuguza mama mpaka siku ya mwisho, akamkosha, akamzika, na sote tukasema ameshapata pepo yake. Ilikuwa rahisi kwetu kumgawia pepo. Nafasi yake ya kusoma hatukuweza kumrudishia.

Usimchukie kwa aliyoyasema leo. Anakupenda, na anaamini alichokifanya kilikuwa sawa. Hebu fikiri: akikubali kwamba wewe unaweza kwenda, na baba asife, na mbingu isianguke, basi yeye alikaa kwa ajili ya nini? Hilo ni suali zito kumpa mtu mzima baada ya chai. Sitampa mimi, na wewe usimpe. Lakini mimi sitakula tena tunda la mti ule. Ndugu yangu mmoja aliyesubirishwa anatosha.

Nilimsindikiza mpaka garini, hilo hukuliona. Nikamwambia, "Zuwena, mimi sijafa. Mkitaka kunigawana, ngojeni kidogo."

Akasema, "Na usiku ukianguka msalani?"

"Nitaanguka hata akiwepo. Raiya hakuniumba miguu."

"Basi njoo ukae kwangu Ghubra. Chumba kipo."

"Kwako kuna marumaru mpaka kwenye bustani. Nitakufa kwa kukosa udongo kabla sijateleza."

Akanitazama sana. Akaniambia mimi ni mkaidi tangu tumbo la mama, akawasha gari. Kisha akateremsha kioo. Nilidhani ana tusi jengine. Akaniuliza huko jabali baridi ni kali kiasi gani, maana anazo soksi za sufu alizofuma hazina mtu. Nikamwambia kali sana. Kesho atakuletea, utaona. Zipokee, umbusu mkono, uondoke.

Kuna wengine watakaosema. Huko juu watakusikia ukizungumza na mimi kwa simu, nusu Kiswahili nusu Kiarabu, na kuna mmoja atakayekuuliza, kwa upole, asili yenu hasa ni wapi. Mimi nilipoanza kufundisha hapa wanafunzi walikuwa wakicheka matamshi yangu, na mzee mmoja alikuja skuli kuuliza kama mwalimu huyu ni wetu au wa kuazima. Nilikosea siku ile. Nilimtajia mababu zangu mpaka babu wa saba, kama mtu anayeomba pasi ya kusafiria. Ningemwambia kwamba mwanawe hajui kusoma ramani na baada ya mwaka atajua. Wewe usimtajie mtu mababu. Mpime presha, mpe dawa yake, mwambie arudi Jumatatu.

Na juu ya mimea yako, nimekaa wiki hii na vitabu vyangu, na haya ndiyo maneno yangu ya mwisho. Juu kabisa ya ukuta, shubiri moja ya mkono kutoka ukingoni ili mizizi isisukume zege, tia ile rozmari inayolala, siyo ile inayosimama. Itachelewa kidogo, kisha itamwagika yenyewe. Kwenye mapengo ya mawe tia zaatari inayotambaa, ile wanayotia kwenye chai. Hiyo ni ya kwao huko huko jabali, haitakuuliza kitu, nayo inanukia ukiikanyaga, kwa hiyo pua yetu haitakosa kila kitu. Panda sasa, wakati ardhi bado ina uvuguvugu, mizizi ipate kushika kabla ya usiku wa barafu. Wakati wa baridi nywesha asubuhi, si jioni.

Na katikati, mahala ambapo jicho lako litatua ukiinua kikombe, panda asumini ya yule bibi.

Nimeisoma. Ni mmea hodari. Wakati miti yote imejikunja, mikomamanga haina jani na mawaridi yamekatwa mpaka kwenye kisiki, wenyewe unachanua juu ya tawi tupu, bila ya kumsubiri mtu. Haunukii kwa sababu hauna wa kumnukia, nyuki wengi hawatoki katika baridi ile. Unachanua tu. Mwanzo niliona ni upungufu. Sasa naona ni ujeuri, na ujeuri nnaupenda. Sikutaka asumini ya kwako iwe si ya mamaako, hilo ndilo lililokuwa likinichoma, na kama angekuwepo yeye angenicheka, kisha angevuta kijiti kimoja akitie majini aone kama kitashika Ansab. Hakitashika. Hapa kitaungua kwa upepo wa moto wa gharbi mwezi wa kwanza wa joto. Kila kitu na mahala pake, na hicho mahala pake ni kule, kwako.

Usije ukanitilia huruma kwenye simu. Nitakuwa na Prossy, ambaye leo nimemsikia akimjibu Zuwena jikoni kwamba mwaka jana nilipoteleza alininyanyua bila kuuliza ukoo, na Zuwena akamkaribisha mkate, jambo ambalo sijaliona maisha yangu yote. Nna vitabu, nna ukuta wenye michirizi, nna msikiti wa kwenda kwa miguu. Ukipiga kila siku sitapokea kila siku. Nikianguka, nitainuka au nitainuliwa, na ikiwa amri ya Mungu ni nyengine, basi utashuka jabali kunizika kama watoto wote wanavyowazika baba zao, na utarudi juu, maana watu wa huko watakuwa wanakusubiri kwenye benchi.

Kuhusu kungojewa mwaka mmoja, nimelimaliza mwenyewe. Baada ya isha nilimwita Prossy na mlinzi wa nyumba ya pili, na wewe ukiwa umekwenda kuwaaga wenzako wa hospitali, tukakitoa kitanda chako, tukakibeba mpaka stoo. Meza yako ndogo nimeiacha, na kioo. Ukutani nimeshasimamisha kabati mbili za vitabu vyangu, na kesho ukitoka namalizia ya tatu. Ndiyo maana utakuta godoro lako limetandikwa sebuleni, na ndiyo maana barua hii iko juu ya mto. Usinune. Chumba kina jua zuri la asubuhi na mimi macho yangu yanataka jua. Sasa ni maktaba.

Huna tena pa kubaki, mwanangu. Kalale, safari ni ndefu na njia ya mlimani inataka macho. Ukija kututembelea utapewa godoro, chai na mkate wa shangazi lako, kama mgeni yeyote wa heshima. Ila ukifika mlangoni, ubishe hodi.

Babaako